Damu Kwenye Birika la Tembo

Kijiji cha Ujamaa,
S.L.P. 9, Makanya,
Same.
14 Septemba 1975

Mpendwa kaka Bartholomeo,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na wifi Rosemary na watoto. Je, kifua chako kimepona, au bado moshi wa garimoshi unakusumbua? Mama yuko Suji, anakula vizuri na miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni sivyo.

Kaka, kaa kitako kabla hujaendelea kusoma. Nataka uyasikie haya kwangu kabla baba mdogo hajakuandikia.

Unakumbuka mwaka juzi tembo walivyokuwa wakija kutafuta maji, wakavunja maghala yetu na kumkanyaga mzee mmoja hadi akafa? Nasi tulikuwa tukiwategea nyaya za chuma tulizookota machimboni. Mwaka jana kijiji na kampuni inayochimba jasi tukapatana. Kampuni ikavuta bomba mpaka nyikani, ikajenga birika la wanyama, na ikaacha kulipua baruti saa wanazokunywa. Sisi tukang'oa mitego yote na kutoa walinzi sita. Mume wangu Eliufoo akawa mmoja wao, pamoja na rafiki yake Mbaraka. Tangu hapo hakuna ghala lililoguswa.

Ernest, mtoto wa baba mdogo, alikuwa karani wa bohari hapo kampuni. Zamu za walinzi alizijua zote. Hilo sikulitilia maanani mpaka tarehe mbili mwezi huu.

Siku hiyo saa nne asubuhi nilikwenda na jirani yangu Chiku kusafisha birika, maana kazi hiyo ni yetu wanawake. Nilibeba mtaimbo wa kuzibulia mfereji. Hatujafika, tukasikia bunduki mara tatu, kisha mlio wa tembo ambao siwezi kukueleza. Tukajilaza nyuma ya mawe. Tembo jike alikuwa amepiga magoti, damu ikimtoka mkongani kila anapopumua, na watu wawili wanamkata uso kwa mashoka wang'oe pembe angali hai. Wa tatu alisimama na bunduki, kitambaa usoni.

Mbaraka na Eliufoo walitokea mbio upande wa reli, wana marungu na panga moja tu. Mbaraka akapaza sauti, "Wekeni silaha chini! Tembo hawa wana wenyewe!" Yule wa bunduki akampiga risasi ya shingo. Aliangukia ndani ya birika, kaka, maji yakawa mekundu yote. Eliufoo akamrukia mmoja wa wenye mashoka, akakatwa begani mpaka mfupa nikauona. Bunduki ikamgeukia yeye.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka mtaimbo ukishuka juu ya mkono wa yule mtu, na mlio kama wa kuni kavu. Nikapiga tena. Kitambaa kikadondoka.

"Dada Lukia, ni mimi," akasema. "Usiniue."

Alikuwa Ernest wetu. Nami nilikuwa nimeshauinua mtaimbo mara ya tatu. Sijui ningefanya nini. Chiku ndiye aliyenishika kiuno.

Wenzake walikimbia. Wachimbaji walipofika na lori walitaka kumpiga Ernest mawe afe. Mimi niliyemvunja mkono ndiye niliyemlalia juu kumkinga, mpaka polisi wakaja. Mawe mawili yalinipata mgongoni.

Eliufoo bado yuko hospitali. Mkono umeokolewa, ila hatainua nyundo ya machimboni tena. Mbaraka alizikwa siku ile ile. Kwenye mkutano wa kijiji wengi walitaka bomba likatwe, na meneja wa kampuni naye alianza kusita. Mjane wa Mbaraka, Mwanahalima, yuko eda, akamtuma dada yake atuambie, "Mkilifunga birika, mume wangu mtakuwa mmemwua mara ya pili." Basi halikufungwa. Kampuni imeomba askari wenye bunduki, nasi tumeongeza walinzi. Badala ya Eliufoo nimeandikisha jina langu.

Juzi baba mdogo alishuka kutoka Suji na wazee wawili. Hakugusa makande niliyomwandalia. Akaniambia, "Mwanangu, mahakamani useme kitambaa hakikudondoka." Nilipiga magoti nikamshika miguu. "Baba mdogo," nikamjibu, "nilimwona, naye aliniita kwa jina." Akaondoka bila kuniaga.

Kesi ni tarehe ishirini na tisa, Same mjini. Nitasema yote niliyoyaona, hata kwamba nilikuwa tayari kumuua. Kwa hilo siombi ruhusa. Ninaloomba ni uje, kaka, na siku hiyo usikae upande wangu. Kaa na baba mdogo. Atakuwa peke yake, nami nitapata nguvu ya kusema nikijua kuna mtoto wa nyumba yetu aliyemshika mkono.

Msalimie sana wifi Rosemary, na Daudi na Salama uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Chiku anawasalimu. Mungu awafunike na akufikishe salama.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Lukia