Barua Niliyoisahihisha Bila Kuisoma

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha hapa Mkolani tangu mchana na imekatika sasa hivi tu. Bati bado linadondosha matone. Nimerudi kutoka Kigongo na matope kwenye viatu, na viatu sijavivua. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimemjibu kwamba siumwi.

Naona aibu.

Wiki iliyopita niliandika hapa mtandaoni kuisifu kompyuta yangu ya zamani, ile mpakato ndogo yenye kioo cha kutosha daftari moja. Nilieleza kwamba ilikuja na mfumo endeshi wa toleo la chini kabisa, lile lililouzwa kwa bei nafuu baada ya kuondolewa mambo mengi ambayo matoleo makubwa yalikuwa nayo. Halikuonyesha filamu. Halikuwa na madirisha yanayong'aa. Rangi zilikuwa zile zile kila siku. Nilisema kwamba kompyuta niliyonunuliwa na mwanangu inanikatiza kila dakika kwa habari nisizoziomba, lakini ile ndogo ilikaa kimya ikisubiri niandike. Niliiita mashine yenye adabu.

Nilijivunia sana maneno hayo.

Wasomaji walifurahi kuliko nilivyotarajia. Msomaji mmoja wa Musoma alikumbuka toleo la nafuu lililotangulia hilo langu, ambalo liliruhusu programu tatu tu kwa wakati mmoja. Alisema ilimlazimu afunge kikokotoo ndipo afungue barua. Mwingine alisema yeye akiwasha kompyuta alikwenda kubandika chai, akainywa, akaosha kikombe, na akirudi bado inawaka. Nilicheka peke yangu sebuleni. Ni kitu cha ajabu kwamba watu wazima wanaweza kutamani tena kitu kilichowanyima mambo mengi kiasi hicho. Hata mimi nakitamani.

Jumanne akaandika mtu aliyesema alikuwa fundi wa kompyuta miaka ile. Nayanakili maneno yake: "Mwalimu umesahau kero kubwa kuliko zote. Toleo hilo lilikuwa halikubali kubadilisha picha ya nyuma! Wateja walinigombeza mimi, wakidhani sijui kazi. Hahaha!" Wengi walimjibu kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Nilipanda kwenye stuli, nikaishusha kompyuta ile kutoka juu ya kabati, nikaipangusa vumbi na kuichomeka kwenye umeme. Kwenye mfuniko wake bado ipo karatasi yenye nembo ya shule niliyoiongoza, imebandikwa kwa gundi, pembe moja imejikunja. Ilipowaka hatimaye, ikaja ile picha: rangi ya samawati, na alama ya watengenezaji katikati. Nilibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha hiyo. Yalitokea maneno kadhaa. La kubadilisha picha halikuwapo.

Nilikaa mbele yake hadi mke wangu aliponiita kula.

Nieleze kwa nini. Nilipokuwa mkuu wa shule, karani wetu alikuwa binti mmoja aitwaye Kabula. Aliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alikuwa mwepesi wa kazi, mcheshi, na alipenda kuimba akichapa mitihani. Kompyuta ile ilikuwa ya ofisi yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyechagua ya bei ya chini, na nilijisifu mbele ya wazazi kwa kubana matumizi.

Bodi ya shule ilikuwa ije Ijumaa. Nikamwagiza Kabula aondoe ile alama ya watengenezaji kwenye kioo na kuweka nembo yetu, ili wajumbe wakiingia ofisini waione. Kesho yake akaja mlangoni kwangu.

"Mwalimu, imekataa."

"Kompyuta haikatai, Bi. Kabula. Anayekataa ni mtu."

Walimu waliokuwa karibu walicheka. Sentensi hiyo ilirudiwa kwenye chumba cha walimu wiki nzima, na mimi nilifurahia kuisikia.

Alipokuja mara ya pili na jibu lile lile, nilimwandikia barua nikimtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua kwa kukaidi agizo. Aliandika ukurasa mmoja kwa mkono. Nilichukua kalamu nyekundu.

Hapa niseme kweli kuhusu nilivyofanya. Niliisoma barua ile kama nilivyosoma insha za wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini. Jicho langu lilipita juu ya kila herufi na kila nukta, na hakuna hata sentensi moja iliyoingia kichwani. Nilipiga mistari, nikazungushia maneno, nikajaza pambizo. Chini nikaandika: "7/20. Karani wa shule haandiki hivi. Rudia." Nikamrudishia.

Hakurudia. Niliwaambia wajumbe wa Bodi kwamba karani alikaidi na kwamba amekataa hata kujieleza. Mkataba wake haukuongezwa. Nembo niliibandika mwenyewe kwenye mfuniko, asubuhi ya Ijumaa ile, kwa gundi.

Alipo nilipajua. Kwa miaka mingi nimekuwa nikivuka Kigongo kwenda Geita kwa dada yangu, na wakati abiria tukisubiri kivuko, niliona kibanda chake cha kuchapa na kutoa fotokopi, jina lake limeandikwa juu kwa rangi ya bluu. Kila mara nilipita upande wa pili wa barabara.

Leo asubuhi nilikwenda. Tangu daraja lilipofunguliwa magari yanapita juu moja kwa moja hadi Busisi, na pale chini, palipokuwa na watu wa kila aina wakisubiri, pamebaki vibanda vichache na mama mmoja anayeuza chai. Mlango wa kibanda cha Kabula ulikuwa wazi. Alikuwa akifunga mashine ya fotokopi kwa kamba. Amenenepa kidogo na amevaa miwani. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitikia marahaba.

"Karibu ukae," akasema, akanisogezea kiti. Kilikuwa kimoja tu, vingine vilikwisha kufungwa kamba. Nikakaa. Nikamuuliza kama anahama.

"Nahamia Usagara, Mwalimu, gari la mizigo linakuja kesho saa nne. Hapa nani atashuka kutoa fotokopi? Daraja ni zuri, sisemi vibaya. Wagonjwa wanavuka, mama wajawazito wanavuka. Mimi limeniachisha kazi, lakini angalau halikuniandikia barua."

Alicheka, na mama wa chai akacheka naye bila kujua kisa. Mimi nilitazama matope.

Nilimweleza nilichokuja kusema. Nilisema kwamba nimejaribu ile kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba yeye alisema kweli, na kwamba namwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno hayo tangu Jumanne, na yalitoka yakiwa yamenyooka, kama hotuba ya mahafali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akafungua sanduku alilokuwa amekwisha kulifunga, akatoa faili la plastiki. Ndani kulikuwa na vyeti vyake vya shule na ile barua.

"Nilitaka niitupe," akasema. "Halafu nikasema hapana, na hiki nacho ni cheti. Haya, soma, Mwalimu. Siku ile uliangalia tu. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Ameniruhusu kuiweka hapa, kwa sharti kwamba nisiguse kitu. Sijagusa kitu.

"Mkuu wa shule shikamoo. Najieleza kwamba mimi sijakataa amri yako. Hii kompyuta ilinunuliwa na mfumo wa bei ya chini na huo mfumo hauruhusu kubadirisha picha. Nimejaribu siku tatu. Hata ukibonyeza pale penye picha neno la kubadirisha halipo waliotengeneza wameliondoa. Ili lije inatakiwa tununue mfumo mkubwa na mimi sina uwezo huo. Kama huniamini naomba uje ukae kwenye kiti changu ujaribu mwenyewe, mimi nitasimama. Wako mtiifu Kabula."

Nilifika katikati ya ukurasa. Mama wa chai akauliza kwa nguvu kutoka kibandani kwake, "Kabula, huyo mzee anasoma Injili au?"

"Anasoma barua yangu, mama. Imechelewa kufika."

Kisha akanigeukia. "Vipi, Mwalimu, nimepata ngapi safari hii?"

Kila kitu nilichopaswa kujua kilikuwa kwenye ukurasa ule, kimeelezwa kwa utulivu kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika mimi. Wino wangu mwekundu umefifia na kuwa kama kutu. Wa kwake wa bluu unasomeka vizuri.

Wakati naikunja barua ndipo nilipotambua kwamba nimekaa kwenye kiti chake, na yeye amesimama muda wote.

Nilipoaga, akaniuliza swali moja. Aliliuliza taratibu, akiwa ameshika kamba ya mashine.

"Ulijua lini?"

"Juzi," nikasema. "Jumanne."

Akanitazama, kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Afadhali," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ulijua, ukanifanyia makusudi. Mume wangu alikuwa ananiambia, huyo mzee hakujua tu, msamehe. Mimi nikawa nabisha. Afadhali, Mwalimu. Nenda salama."

Nilitembea hadi barabarani chini ya mvua.

Nimesoma tena nilichoandika hapo juu. Nimekiandika kana kwamba Jumanne niligundua jambo. Sikugundua. Nilikumbushwa.

Yapata mwezi mmoja baada ya Kabula kuondoka, alikuja fundi kusafisha kompyuta ile. Nikamwambia, ukimaliza, weka na nembo ya shule hapo kwenye kioo. Akasema, "Mzee, hili ni toleo dogo. Halina ruhusa hiyo. Hata nikikesha hapa, haiwezekani." Nakumbuka alikuwa akitafuna muwa. Nakumbuka nilimwambia afunge vifaa vyake aende. Karani mpya alikuwa bado hajapatikana. Nyumba ya kina Kabula ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni. Kilichotakiwa ni mimi kutembea dakika hizo kumi, kisha kurudi mbele ya Bodi na kusema nilikosea.

Sikutembea. Nilijiambia kwamba fundi yule ni kijana wa mtaani na hajui kitu, na baada ya muda nikajiambia kwamba hakuwahi kusema lolote. Nilipostaafu nikainunua kompyuta ile kutoka shuleni, nikaandikia humo kwa miaka, mbele ya picha ile ile, na sikujaribu kuibadilisha hata mara moja. Wiki iliyopita niliita hali hiyo adabu. Nadhani kilichonivutia kwenye mfumo ule ni kwamba haukuwahi kunipa mahali pa kubonyeza nikajua. Mashine kubwa ya mwanangu inaniambia kila kitu. Ile ndogo ilininyamazia.

Kwa hiyo leo, kwenye kiti chake, nimemdanganya Kabula, na uongo huo umempa nafuu. Hilo ndilo linalonisumbua. Nikinyamaza, atahamia Usagara akiamini kwamba mumewe alisema kweli na mimi nilikuwa mzee asiyejua tu. Nikisema, nitamrudishia ule mzigo aliokwisha kuutua. Nimemweleza mke wangu yote sasa hivi, kupitia dirisha, yeye akichambua mchele barazani. Hakuinua kichwa.

"Umetaka kumwonea huruma yeye au nafsi yako?" akauliza.

Nimefikiri kuhusu swali hilo hadi chai yangu imepoa.

Mimi nilimfukuza kazi mtu kwa sababu sikusoma alichoandika. Siwezi sasa kuchagua kwa niaba yake kipi asome na kipi asisome. Kabula aliniuliza swali kwa Kiswahili chepesi na alistahili jibu lake.

Sitaiweka shajara hii hapa leo. Nitaihifadhi kwenye ile kompyuta ndogo, na nitaichapisha baada ya kurudi kutoka Kigongo kesho; ile ya wiki iliyopita sitaifuta. Basi wewe unayesoma haya, ujue kwamba nimekwisha kwenda, na amekwisha kuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Gari lake la mizigo linakuja kesho saa nne. Nitaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Akinisogezea kiti, sitakaa.