Karatasi Zilizochorwa Mkungu

Jumatatu, 28 Aprili 2025
Mzee Bizimana kaja kutoka Murusagamba na mkungu wa ndizi kwenye baiskeli. Shukrani – mkewe alilazwa kwetu wiki tatu. Nikamwamkia, nikamweleza kuwa muuguzi haruhusiwi kupokea zawadi. Odeta, muuguzi aliye chini yangu, akaupokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa Kihangaza. Mbele yangu mimi, mkuu wa wodi! Nimeandika taarifa. Utaratibu ni utaratibu.

Jumanne, 29 Aprili
Mkungu, Odeta hakwenda nao kwake. Kamenya ndizi zote kule wanakopikia ndugu wa wagonjwa, kapika na maharage, kawagawia wasio na mtu wa kuwaletea chakula. Wodi nzima imeona. Taarifa imeshafika kwa katibu wa hospitali, siwezi kuirudisha. Kusema kweli, ningeweza.

Jumatatu, 5 Mei
Sanduku limewekwa mlangoni. Wagonjwa na ndugu zao waandike jina la muuguzi mwenye huruma kuliko wote. Mshindi atatajwa tarehe 12, Siku ya Wauguzi. Nimempigia mama yangu kule Nyarubungo, nikamwambia aje tu kunisalimia. Miaka kumi na tisa kazini. Nami nataka kuitwa mbele, mara moja tu.

Alhamisi, 8 Mei
Odeta kaitwa kwa katibu kuhojiwa. Akatoka, akaniamkia. Shikamoo dada Jovitha, kama kila siku. Nikaitikia marahaba. Kisha akaenda kumgeuza Bibi Esperansia, asiyeweza kujigeuza mwenyewe. Bora angeninunia.

Ijumaa, 9 Mei
Tumefungua sanduku, mimi na katibu, Erasmus. Jovitha, karatasi kumi na moja! Wengine wawili, mmoja sita, mmoja nne. Odeta mbili. Halafu kumi na nne zisizo na neno hata moja – zimechorwa mkungu wa ndizi. Mmoja kauchora mpaka na ua lake la chini.

Erasmus akacheka, akasema watu wamechoka kukaa wodini. Hizo, akasema, ni kura zilizoharibika. Akaniuliza kama najua maana yake. Nikamjibu si wote hapa wanaojua kuandika. Ni kweli, si wote. Akazitupa kwenye kapu. Alipotoka nikaziokota, sijui kwa nini. Zimo humu, katikati ya daftari.

Jumapili, 11 Mei
Mama kafika jana na kanga mpya. Leo kanisani sikupokea komunyo. Kaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Jumatatu, 12 Mei
Chini ya turubai. Hotuba ndefu, naandikia magotini. Odeta hayupo – kabaki wodini na Bibi Esperansia, ili sisi wengine tuje. Hakuna aliyemwambia abaki. Mzee Bizimana yupo nyuma, kasimama na baiskeli yake, anaangaliaangalia viti vya wauguzi. Najua anamtafuta nani.

Erasmus anasoma majina, kaanzia wa tatu. Sasa wa pili. Si mimi. Mama kashaelewa, mjanja huyu. Anakunjua kanga anitandikie chini, nipite juu yake. Naona aibu. Na nataka kupita, Mungu wangu, nataka sana.

Karatasi moja imedondoka daftarini. Mama kaiokota, anaigeuza huku na huku.

“Jovitha, huu mkungu ni wa nani?”

Erasmus kashika cheti, anatazama upande wetu. Mama bado anangoja nimjibu.