Kikombe Kimoja cha Oti

Shoga, acha unachofanya unisikilize. Na usinicheke. Nimeaibika kwa mama mkwe mpaka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Unazikumbuka zile biskuti zake za oti? Kaniandikia vikombe vitatu. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Mama, siku hizi watu wanapima kwa mizani." Nilimwambia hivyo! Kwa mdomo huu huu!

Kikombe kimoja cha maji ni gramu 250, si ndiyo? Basi nikapima oti gramu 750.

Mchanganyiko ukakataa kushikana. Nikaongeza maziwa, nikaongeza tena. Zikatoka matofali. Wifi kang'ata moja, kashika shavu.

Mama mkwe hakugomba. Bora angegomba! Kaniuliza tu, "Kwani kikombe cha oti kina gramu ngapi?" Nikajibu 250, kifua mbele. Kajaza kikombe, kamimina kwenye mizani yangu mwenyewe, wote wanatazama.

Tisini. Shoga, TISINI!

Oti ni nyepesi kuliko maji, nani asiyejua? Mimi.

Kanirudishia kikombe taratibu. "Mizani yako nzuri, mwanangu. Siku nyingine iulize kwanza."