Mtani Aliyeniita Marehemu

Mkunya, Newala

Mama yangu,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Gaudensia. Mdogo wangu, soma polepole, usiruke mistari. Mama, goti lako linasemaje na baridi ya huko Songea? Mahindi yamebeba? Mimi napumua, nakula, na leo nimeweza kushika kalamu bila karatasi kuniyumbia machoni.

Kukaa kimya tangu msimu wa korosho si kiburi. Niliumia kichwa. Tulikuwa tunapakia lori la bosi wetu, mmoja wa hawa wanunuzi binafsi walioruhusiwa siku hizi, gunia likaponyoka kutoka juu kabisa, likaniangusha sakafuni. Nilizindukia hospitali ya Mkomaindo, kule Masasi, nikisikia kinu chako kabisa, twa, twa. Kumbe ni mgonjwa anapita na magongo.

Daktari alisema ubongo umetikisika, utatulia taratibu. Nikarudi Mkunya, nikaishi kama ndani ya ukungu wa hapa asubuhi. Mikorosho ipo, siioni vizuri. Watu wanaongea, lakini wako mbali. Nikianza neno, linayeyukia mdomoni. Mara nyingine nilikuwa huko nyumbani, miguu mtoni, maji ya baridi, hadi mtu aniguse bega. Sikufichi, Mama, nyakati zile sikutaka kurudi.

Sasa sikia kosa langu. Nina mpakizi mwenzangu, Saidi, Myao wa Masasi. Si unatujua Wangoni na Wayao kwa utani? Tangu siku ya kwanza ananiita marehemu, anadai babu zangu waliiba mbuzi wa babu zake. Nami namjibu kwamba babu zake walikimbia wakamsahau bibi. Siku ile ya gunia, aliyenibeba mgongoni ni yeye. Akawa ananikorogea uji wa muhogo, ananilisha huku ananisema: "Kunywa, marehemu! Ukifa, shati hili langu."

Ule utani ulikuwa umenitoka kichwani wote, Mama. Nikaona mtu anayesubiri nife. Nikaenda kwa bosi, mtu wa mbali asiyejua mambo yetu, nikamwambia huyu anataka kuniua. Saidi akafukuzwa siku hiyohiyo. Wala hakujitetea. Alikunja mkeka wake, akasema, "Pole, ndugu. Upone." Ndugu! Na mimi nililala usingizi mzuri, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

Akili ilirudi kidogokidogo. Wiki iliyopita mvua ilikuwa inatiririka kutoka batini kuingia kisima cha uani, nami nimeduwaa naitazama. Ghafla nikamkumbuka yule bibi aliyesahauliwa, nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikakatika. Mungu wangu, nimefanya nini?

Nilimweleza bosi. Alinitazama kama bado naumwa, lakini akakubali Saidi arudi. Nikadandia lori hadi Masasi, nikamkuta sokoni anachoma mihogo. Akasimama. "Karibu, bwana. Afya inaendeleaje?" Kwa adabu, Mama, kama vile hatujawahi kula sahani moja! Roho iliniuma. Maneno ya msamaha niliyoyapanga njia nzima yakayeyuka yote. Likabaki hili tu:

"We Myao, nimemfuata yule mbuzi aliyebaki."

Akauacha muhogo uungue. Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku kama anayechagua papai. Machozi yanamtoka. Akapaza sauti soko zima: "Jamani, njooni muone! Marehemu kafufuka, na hela za ubani wake nimeshazila!"

Nililia kama mtoto.

Jua kali bado linaniuma macho, lakini kazi tumeanza wote. Nisalimie Baba Mdogo, na shangazi wa ng'ambo ya mto, na jirani anayekuchotea maji. Baada ya mavuno nakuja, na Saidi anakuja nami. Anasema anafuata mbuzi wa babu yake. Ukimsikia ananiita marehemu mbele yako, usishtuke, Mama. Hapo ndipo ujue mwanao amepona.

Ni mimi mwanao,
Kosmas