Wino wa Kijivu na Majibu ya Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujaendelea naomba usinicheke, maana wanaonicheka nyumbani wanatosha. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, karani wa masjala katika hospitali kubwa, kazi yangu ni kuandika majina ya wagonjwa juu ya majalada kuanzia asubuhi mpaka vidole vigome, na shida yangu ni wino. Si wino wa ofisini, huo tunapewa na hatuulizwi, ni wa bluu na utabaki wa bluu mpaka nistaafu. Nazungumzia wino wangu mwenyewe, wa kalamu yangu mwenyewe, ile ya kujaza kutoka kwenye chupa, ambayo baba yangu alinipa siku nilipopata ajira, na nimeitunza kuliko nilivyoitunza pete ya ndoa, mume wangu akisoma hapa anisamehe.

Miezi miwili iliyopita niliamua nikitoka kazini na bluu ibaki kazini. Nyeusi sikuitaka, maana nikiandika kwa nyeusi najiona kama natangaza mnada, nyekundu ni ya walimu, na kijani ni ya mkaguzi wetu wa ndani, Mungu aniepushe nifanane naye. Basi nikiwa dukani nikaona kichupa cha kijivu, muuzaji akanichorea mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi, na mimi nikaisha. Kijivu kina upole, mshauri, hata orodha ya sabuni na vitunguu ukiiandika kwa kijivu inaonekana imeandikwa na mtu mwenye adabu zake. Nilianza na kichupa kimoja, sasa ninavyo vitano, vimepangwa kwenye rafu ya jikoni kati ya chumvi na majani ya chai, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Cha kwanza ndicho moyo wangu ulipo, chepesi, kipole, ukiandika unahisi kama hujamsumbua mtu. Cha pili kina bluu kwa ndani na mimi bluu nimeikimbia. Cha tatu kinavuta kijani, mume wangu amekipa jina la maji ya kuoshea brashi. Cha nne ni kizito, rangi ya bati la zamani. Cha tano ni kizuri sana ila hakikauki, nimeshachafua mkono wa gauni mara mbili na mara moja paji la uso, nikapita nalo sokoni bila mtu kuniambia. Na mume wangu huyo, usije ukadhani hajui rangi, ni fundi rangi, nusu ya nyumba za mtaa wetu amezipaka yeye, na kwake kijivu ni cha milango ya stoo. Kila akinikuta nimeinama na vichupa vyangu anasema, "Mke wangu, rangi haichaguliwi ikiwa mbichi. Iache ikauke, rudi nyuma hatua mbili, ndipo useme unaipenda." Binti yangu naye aliokota orodha yangu ya sokoni, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mama, hapa umeandika, au ulikuwa unafikiria kuandika?"

Sasa ninachotaka uniamulie ni hiki, kati ya hivyo vitano nishike kipi kiwe cha kila siku, cha orodha, cha shajara na hasa cha barua, kwa sababu kila Jumapili namwandikia baba yangu. Baba ni mchora ramani mstaafu, anaishi peke yake tangu Mama afariki, katika nyumba aliyoichora na kuisimamia mwenyewe, na meza yake ya kuchorea bado iko palepale dirishani. Simu haipendi, anasema simu ni ya kuulizana uko wapi, mazungumzo ni kwenye karatasi. Kwa hiyo Jumatatu dereva wa gari la mkate anachukua barua yangu, na Alhamisi akirudi ananiletea jibu la Baba, na hivyo ndivyo tulivyoishi miaka kumi na moja.

Ila siku hizi majibu ya Baba yamepotea njia. Nilimwandikia kwamba kijana wangu amefaulu mtihani wa udereva, baada ya kuanguka mara mbili, akajibu, "Poleni sana, haya yote yana mwisho, kuleni vizuri." Nilimwuliza anavaa viatu namba ngapi, akajibu kwamba paa halivuji na asante kwa kuuliza. Kisha nikamwambia paka wetu amezaa watoto wanne chini ya ngazi za mume wangu za kupakia rangi, Baba akajibu, "Hongera mwanangu, katika umri wako ni baraka, mumeo akusaidie kazi za nyumbani." Mume wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nilicheka naye, halafu nikaenda bafuni nikalia. Kati ya wiki zote tisa ni wiki moja tu alinijibu sawasawa, jambo kwa jambo, mpaka akanikosoa nilivyomwelekeza njia ya kwenda kwa shangazi, tukafurahi kwamba leo kaamka na akili zake. Naikumbuka vizuri wiki ile kwa sababu kalamu nilikuwa nimeilowesha kwenye maji kuitoa kijivu kimoja niingize kingine, nikaandika kwa kalamu nyeusi ya binti yangu, nikajisikia vibaya kumpelekea Baba barua isiyo na mvuto.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ni msimamizi wa ghala na anapenda kila kitu kiwe mahali pake, amesema mzee amechanganyikiwa, nyumba ifungwe, ahamishiwe kwenye chumba cha nyuma kwake. Kikao cha familia ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mimi nimeambiwa nilete barua za Baba ziwe ushahidi. Nimeshazifunga kwa utepe. Nikifikiria ile meza inatolewa dirishani naumia sana, lakini hayo ni ya familia na tutayamaliza wenyewe, sikukuandikia kwa ajili hiyo. Nimeyataja tu ujue kwa nini wino ni jambo zito kwangu. Kama hizi ndizo barua za mwisho kumfikia Baba akiwa nyumbani kwake, nataka zimfikie kwa rangi ninayoipenda. Niambie, nishike kile chepesi au niendelee kutafuta?

Wako mwenye vidole vya kijivu,
Karani wa Masjala

*

Mwanangu Karani,

Barua yako ilifika Jumanne, nikaisoma Jumatano. Siku ya kwanza nilifungua bahasha nikadhani umenitumia karatasi tupu, nikakuonea huruma, nikasema huyu ana matatizo mpaka maneno yamemkauka. Kesho yake saa sita mchana nikaisogeza dirishani, nikavaa miwani yangu ya kusomea na juu yake miwani ya mume wangu, nikapata aya mbili. Zilizobaki alinisomea mchapaji wetu hapa gazetini, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye macho mapya kabisa, na katikati aliomba apumzike. Sijui umeandika kwa kichupa kipi, lakini nadhani nakijua.

Nakujibu kwa mkato kwa sababu Jumamosi yenu haiko mbali. Baba yako hajachanganyikiwa. Baba yako haoni ulichomwandikia.

Umeishika siri yote mkononi na hukuiona. Majibu yalianza kupotea lini? Miezi miwili iliyopita. Wewe ulianza kijivu lini? Miezi miwili iliyopita. Wiki moja tu mzee akajibu kila kitu mpaka akakukosoa njia, na wiki hiyohiyo, kwa mkono wako mwenyewe, umeniambia uliandika kwa nyeusi. Ukasema kaamka na akili zake. Mwanangu, akili zake ziliamka kila siku, kilicholala ni wino wako. Mtu anayekaa siku nzima akilinganisha majina ya majalada, ulishindwaje kuweka mambo mawili pamoja? Nakugombeza kidogo, kisha naacha, maana najua ulivyoandika kwa upendo na hukutarajia upendo huo usingesomeka.

Utaniuliza kwa nini hakusema. Angesemaje? Huyo ni mchora ramani. Maisha yake yote alilipwa kwa kuona mstari ambao wewe na mimi hatuuoni. Ulitaka akuandikie kwamba leo ameshindwa kusoma mwandiko wa binti yake, aliomfundisha yeye, kwa kalamu aliyompa yeye? Aliona vipande, "amezaa" hapa, "namba" pale, akaunga mwenyewe, akakupa hongera ya mimba ya paka.

Sasa fanya hivi. Leo, si Jumapili, leo, chukua kalamu nyeusi ya binti yako umwandikie Baba kwa herufi kubwa. Usimwulize kama anaona, atakuambia anaona. Mwambie wewe macho yamekusumbua, jambo ambalo kwa miaka arobaini na saba na vichupa vitano linaaminika, na unaogopa kwenda kupimwa peke yako, unaomba akusindikize. Mlango wa daktari wa macho unaupita kila siku na majalada mkononi, siku hiyo ingia. Ukishapimwa wewe, daktari amwambie mzee akae kwenye kiti hichohicho kwa vile ameshafika. Mimi si daktari na sisemi mzee hana ugonjwa wowote, nasema tu hakuna anayepimwa akili kwa karatasi asiyoweza kuisoma.

Tuje kwenye wino, maana uliuliza wino na mimi swali silikwepi. Chukua karatasi ileile unayomwandikia Baba, si ile laini ya dukani inayopendezesha kila kitu, andika sentensi moja mara tano, kila mara kwa kijivu chake, na namba uziandike kwa nyeusi. Iache ikauke mpaka kesho yake, kwa sababu mume wako anasema kweli na nadhani hujamwambia hivyo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Kisha itie kwenye bahasha ya Baba na maneno haya: "Baba, umechora mistari miaka yote hiyo, nichagulie wino wa kuandikia kila siku." Basi. Atakayemchagulia binti yake wino atachagua ule anaouona, na hatajua kwamba amekuambia siri yake. Namba atakayoitaja ndiyo utakayoinunua mpaka uzeeke nayo. Mimi naweka moyo wangu kwenye bati la zamani. Cha tano kipe likizo, karani hawezi kutembea na wino kwenye paji la uso. Cha pili na cha tatu gawa kwa wanaovitaka. Kile chepesi usikitupe, najua mnapendana, kiandikie shajara, kwa sababu shajara unaisoma wewe na hakuna mtu anayeingojea Alhamisi. Na kila ukibadilisha wino ioshe kalamu kwa maji matupu mpaka yatoke meupe, maana mabaki ya kile chepesi yataufifisha na huo mpya.

Kuhusu kaka yako, ule utepe ufungue. Barua za Baba ziache nyumbani. Ndani ya bahasha hii nakurudishia barua yako uliyoniandikia mimi. Ukurasa unaomtaja kaka ubaki nao mwenyewe, ukurasa wa kwanza nenda nao kwenye kikao. Mwombe kaka, kwa heshima zote za mkubwa, awasomee watu kwa sauti, palepale alipoketi, bila kusogea dirishani. Msimamizi wa ghala mwenye umri wa kukuzidi, nina hamu ya kujua atafika mstari wa ngapi. Akianza kusafisha koo na kuisogeza karatasi mbali na uso, usicheke. Mwulize tu naye ahamishiwe chumba cha nyuma kwa nani.

Na hili la mwisho lishike. Wiki tisa, na katika nane kati ya hizo baba yako alipokea karatasi ambayo kwake ilikuwa karibu tupu. Hakulalamika, hakukurudishia, hakukuambia upunguze. Alikaa kwenye meza yake, akawaza binti yangu wiki hii atakuwa na furaha gani au shida gani, akajibu vyote viwili, pole na hongera, ili dereva wa mkate asije kwako mikono mitupu. Alhamisi hata moja hakuikosa. Huyo ndiye mnayekaa kikao kumfungia nyumba. Mwandikie leo, kwa nyeusi, kwa herufi kubwa, na sentensi ya kwanza iwe kwamba aliyezaa ni paka.