Nilipotafsiri Filamu za Hollywood

Kamwene, yaani hujambo, mjukuu wangu Tumaini,

Huku Makambako mahindi tumevuna. Usicheke ninapokuita mjukuu; nipo kidato cha tatu, lakini baba yako ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mimi ni bibi yako.

Umeuliza kama nami huogopa kusema mbele za watu. Jumapili moja runinga ilionyesha filamu za kale za Hollywood kutwa nzima. Majirani walijaa sebuleni, na baba alikuwa amekisifia kwao Kiingereza changu.

“Msomi, tutafsirie!” wakaniambia.

Mwanamke mmoja kwenye filamu alikuwa akisema na mumewe. Sikuelewa, nikabuni: “Anasema amemsamehe mumewe.”

Papo hapo yule mwanamke akamwelekezea mumewe bastola. Wote wakanigeukia. Baba akainamisha kichwa.

“Samahani,” nikasema. “Sikumwelewa.”

“Hata mumewe hakumwelewa,” akajibu mzee mmoja. “Endelea, mwanangu.”

Nikaendelea, nikisema yale tu niliyoyaelewa, na hakuna aliyetoka.

Bibi yako,
Neema