Mayu, Hapakuwa na Mbwa

Mayu,

Shuleni walitufundisha kwamba barua inaanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nimeshika kalamu nikaona nikianza hivyo nitakuwa nimegeuza mambo. Wewe umepumzika. Hofu iko huku kwangu, ndani ya nyumba hii ya Bariadi.

Kesho napanda lori kuja Shishiyu. Ni siku ya kuanua matanga yako na ukoo wote utakuwepo. Kabla sijasimama mbele yao kuna neno nataka ulipate wewe kwanza, kwa sababu wewe, mama yangu, ndiwe niliyekudanganya kuliko wote. Mayu, sina mbwa. Sijawahi kuwa na mbwa. Yale maneno mekundu kwenye geti langu ni rangi tu.

Nimeandika kwa mkono wangu, sitafuta.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka Kalemela. Mume alichoka kusubiri mtoto, akataka ng'ombe wake wa mahari, na Baba, Mungu amrehemu, akawatoa zizini mwenyewe bila kusema neno. Watu ndio walisema. Walisema huyu Kabula atakuwa wa kuhurumiwa mpaka uzee. Wewe ulinipa jembe tukaenda kupalilia pamba, na mstari wa kwanza nilipalilia huku nalia, ukajifanya huoni.

Kisha serikali ikaruhusu biashara huria, kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Mimi nikaingia kwenye mitumba. Nilifuata marobota Mwanza, nikarudi nayo kwa treni hadi Malampaka nikiwa nimeyakalia ili yasiibwe, na kutoka hapo kwa lori lolote lililokubali. Nilipopata uwezo wa kununua nyumba sikutaka chumba cha uani wala kiwanja cha kujenga polepole. Nilitaka nyumba iliyosimama, yenye vioo, ambayo mtu wa Kalemela akipita ataiona.

Nikaipata hii. Mwenyewe alikuwa karani wa ushirika. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, yeye akapunguzwa kazi, akawa anauza haraka arudi kwao. Nami nikanunua haraka. Wewe ukitaka kununua ng'ombe mmoja ulikuwa unamzunguka, unamtazama akinywa maji, unauliza alikotoka na kwa nini anauzwa. Mimi nyumba nzima niliitazama asubuhi moja yenye upepo, rangi ikiwa bado inanukia. Sikuingia mchana. Sikuonja maji ya kisima. Sikumsalimia jirani hata mmoja. Niliinunua kama wateja wangu wanavyonyakua blauzi kwenye rundo, kwa kuogopa mkono wa mwingine.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja, yalizaliwa wiki ileile na kuanza kutambaa. Bati liko chini, mchana sebule inachemka. Maji yana chumvi, sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya machozi. Majirani walikuwa wamemzoea yule karani na mkewe, walimwona mama wa watu akiondoka huku amejifunika kanga usoni, na mimi walinipita bila kunisalimia. Lakini ningemwambia nani? Mwanamke aliyerudishwa kwao akinunua nyumba, halafu akasema nyumba ina kasoro, atakuwa amewapa watu nyama na chumvi yake.

Kwa hiyo nikaisifia. Kila moyo uliponiambia umekosea, nilinunua kitu cha kuunyamazisha. Pazia. Kabati la vyombo. Ukuta kuzunguka uwanja, na mwisho geti la chuma. Fundi wa maandishi akauliza aandike nini. Nyumba za wakubwa nilizoziona Mwanza zimeandikwa Mbwa Mkali, nikamwambia aandike hivyo, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Sikuwa hata na paka.

Nilipanga kukualika siku nikishazoea. Wewe hukungoja kualikwa. Ulikuja na jogoo na kikapu cha michembe, vile viazi vyako vikavu, ukaifuata nyumba kwa kuulizia, na nilipotoka sokoni jioni nikakukuta umeketi ng'ambo ya njia, miguu umeinyoosha, jogoo amefungwa pembeni yako. Ulikuwa hapo tangu asubuhi. Geti halikuwa na kufuli, Mayu. Ni komeo tu, hata kuku angelisukuma.

Lakini wewe ulikuwa umesoma.

Nakumbuka ulivyokuwa unakwenda kwenye kisomo cha watu wazima, mmebanana kwenye madawati yetu ya shule, mikono ina udongo wa shamba. Baada ya hapo ulisoma kila kitu: vipande vya sabuni, magunia ya pamba, kanga za watu kanisani mpaka wenyewe wakaona haya. Kwako kilichoandikwa kilikuwa kweli. Ulisimama mbele ya geti langu ukaunganisha herufi moja moja, ukaelewa, ukarudi nyuma ukakaa kwenye jua. Ulijifunza kusoma ukubwani, na mwanao akakuandikia uongo.

Uliniuliza tu, "Mbona mbwa wako kimya?"

Ningecheka hapo, mambo yangeisha. Tungecheka wote. Lakini nilikuwa nimekuona umekaa mavumbini mbele ya nyumba yangu nzuri, watu wanapita, na aibu ikanipanda kichwani badala ya kunishuka moyoni. Nikasema amepelekwa kwa bwana mifugo kuchanjwa. Ukaitikia kwa kichwa, umefurahi. Mtu anayechanja mbwa ni mtu aliyefika.

Ndani ulitazama pazia, ukatazama dari, ukanywa chai yenye chumvi bila kukunja uso. Ukauliza, "Waliokuwa wanakaa humu wamekwenda wapi?" Nikajibu kwamba hayo hayanihusu. Ukamalizia chai yako. Naomba unisamehe na hilo pia.

Tangu siku hiyo ulimfuga mbwa wangu kuliko mimi. Kila lori la pamba lililotoka kwenu lilileta salamu zako na mifupa imefungwa kwenye gazeti. Hata kaka yangu Masanja alipooa ulikusanya mifupa ya harusi ukaniletea mwenyewe, na ulikuwa unasimama nje ya geti ukiita, "Kabula, mfunge kwanza." Mimi naingia uani, nakamata mnyororo wa ndoo ya kisima, nautikisa, narudi nakwambia nimemfunga. Mifupa niliitupa chooni ukishaondoka. Na wewe unayependa kukaa nje ukipepeta, ukiongea na kila anayepita, hukuwahi kufika uani kwangu. Ulikaa sebuleni chini ya lile bati, jasho linakutiririka, ukasema nyumba yangu ni nzuri, ina joto la kutosha. Sijui kama ulikuwa unanitania. Natamani ulikuwa unanitania.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu haitaki.

Masanja alipokuleta hospitali mgongo ukiwa umekwisha kabisa, walisema utibiwe ukitokea nyumbani, kila asubuhi upelekwe. Nyumbani kulikuwa kwangu. Nilikuwa nimekwishatandika kitanda. Ukauliza choo kiko wapi. Nikasema uani. Ukasema basi hutalala kwangu, unaamka mara nyingi, utakutana na mbwa gizani. Nikasema nitamfunga usiku kucha. Na wewe, umeegemea bega la Masanja, huwezi hata kunyoosha shingo, ukasema, "Mbwa akifungwa usiku nani atakulinda, mwanangu? Wewe uko peke yako."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, Mayu. Masanja alikuwa pale, mkewe alikuwa pale, yule mama wa kanisani kwenu anayekaa karibu na hospitali alikuwa pale. Nikalimeza. Ukapelekwa kwa yule mama, ukalazwa kwenye chumba chake kimoja, yeye na watoto wakalala chini, na mimi nikawa nakuletea uji kwenye chupa asubuhi kama jirani mwema. Ndiko ulikofia. Kitanda nilichokutandikia kilikuwa na shuka mpya.

Hilo silisemi ili nionewe huruma. Nalisema kwa sababu hata baada ya hapo sikukoma.

Watu wa Shishiyu walikuja kukuchukua, lori limejaa. Mimi nilikuwa hospitalini nikishughulikia vibali. Niliporudi nikakuta msiba wako umekaa barabarani. Wanawake wametandika kanga zao ng'ambo ya njia, palepale ulipokaa na jogoo wako, wanalia kwa sauti ya chini kama watu waliokatazwa. Wote walijua habari za mbwa. Ulikuwa umewasimulia kwa fahari. Masanja akanifuata, macho mekundu, akasema, "Dada, mfunge mbwa, watu waingie."

Nikaingia uani nikautikisa mnyororo.

Siku ya msiba wako, Mayu. Mkono huuhuu.

Waliingia, wakajaa sebuleni mpaka kwenye korido, joto likatuunganisha wote. Baada ya chakula nikamwona sengi Holo, shangazi yetu huyu asiyeogopa mtu wala mnyama, ameshika bakuli la ugali na mifupa. Akasema uliwahi kumwambia kwamba siku yoyote wakiwa wengi kwangu mbwa asisahauliwe. Akaelekea mlango wa nyuma. Nilitaka kumzuia, nikaendelea kukusanya sahani. Alikaa huko kitambo. Mlango ulipofunguka nilijua kila mtu atasikia, na nikajikuta nangoja hilo kama mgonjwa anayengoja sindano.

Sengi aliingia ameshika bakuli tupu. Masanja akamuuliza. Akajibu, "Amekula."

Akapita mbele yangu, akakaa, akaanza wimbo wa kanisa. Hajanitazama usoni mpaka leo, nadhani ananipunguzia aibu. Lakini nimeshaaibishwa na watu wengi maishani, Mayu, na hakuna aliyeniaibisha kama huyu aliyenificha.

Tangu ulipoondoka kuna mabadiliko kidogo. Nilikwenda kwa jirani wa kushoto, yule mama anayekaanga maandazi, nikamwambia maji yangu hayanyweki. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema vibaya nyumba hii kwa mdomo wangu. Yeye akacheka, akasema mtaa mzima unajua, wote wanachota kisima cha bondeni, ila walidhani mimi napenda chumvi maana sijawahi kuuliza. Sasa tunakwenda pamoja. Akanionyesha na mahali pa kutoboa ukuta ili sebule ipate upepo. Nyumba siiuzi. Naijutia na ninakaa humo, nimegundua mtu anaweza kufanya yote mawili. Ningelijua hilo mapema ungelala kwenye zile shuka.

Na yule mke wa karani, nimeulizia alikokwenda. Wanasema wako Malampaka, wanauza mkaa karibu na stesheni. Nimepita pale mara nyingi na marobota yangu, labda nimenunua kwao bila kujua. Safari ijayo nitasimama nimsalimie.

Maandishi ya getini sijayafuta. Rangi ninayo, lakini nimeona kufuta ni rahisi mno. Mtu anaweza kufuta uongo na bado asiukiri.

Halafu kuna habari ya Masanja. Wezi wa ng'ombe wamerudi huko kwenu, hilo unalijua kuliko mimi. Ameleta ujumbe kwamba jike lake la mbwa liko tayari, na kesho matanga yakisha anataka tupande lori moja turudi nalo Bariadi, likakutane na mbwa wangu. Anataka mbegu yake. Anasema mama alimsifu sana mbwa huyu, kwa hiyo watoto wake ndio watalinda zizi. Amekwishawaahidi na majirani. Zizi lile ndilo lililobaki la Baba na lako, na kaka yangu analitegemeza kwenye mnyororo wa ndoo.

Nimewaza njia zote. Nimewaza kusema amekufa. Nimewaza kusema ameibwa, na nikajikuta nalia kwa ajili yake, fikiria, namlilia mbwa. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Basi nakuahidi hivi. Kesho, watu wakiwa wameketi, kabla ya mwinjilisti kuomba, nitasimama. Nitamwambia Masanja atafute mbegu kwingine. Nitawaambia wote kwamba hapakuwa na mbwa, kwamba mama yetu alikataa kitanda changu kwa ajili ya rangi, na kwamba mtu akifika Bariadi, mgonjwa au mzima, asukume geti aingie. Sengi Holo nitamshukuru mbele yao, kwa Kisukuma, ili asikie vizuri. Najua watakaonuna, na najua Kalemela habari itafika kabla ya lori. Wapo watakaocheka, hata siku ya matanga, maana jambo lenyewe linachekesha. Mimi mwenyewe kama lingekuwa la mwingine ningecheka.

Lala salama, Mayu. Wabeja, asante kwa mifupa yote. Wakicheka sitaondoka, nitaketi hapohapo katikati yao mpaka wamalize.

Mwanao,
Kabula